Ulipataje?

Leo nipo ofu, ukungu wa mwezi wa saba huku Njombe haujaondoka mpaka saa sita hii, nimejifunika blanketi na kompyuta mapajani na nimeamua hili andiko nalimaliza, maana nimelianza toka Pasaka, naandika nafuta, naandika nafuta.

Mimi ni nesi. Stashahada nilimaliza 2009 nikapangiwa wodi ya wanawake kwenye hospitali moja ya misheni, jina tuliache, na sa hivi nafanya kazi CTC, kliniki ya wenye VVU, sehemu nyingine kabisa. Alafu ni mlokole. Nasema mapema msije mkadhani nawasema watu wa dini nikiwa nje, hapana, mimi ni wa kufunga siku tatu kavu na kukesha Ijumaa, na kwaya naimba sauti ya pili mpaka leo. Ninachotaka kuandika ni mambo niliyowafanyia wagonjwa wenye VVU kwa sababu ya ulokole wangu huku naamini kabisa nawapenda.

Watu wakisikia unyanyapaa hospitalini picha inayowajia ni nesi mkali, anafoka, anavaa glavu mbili kutandika kitanda tu. Hao wapo na nimefanya nao kazi. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na mwenzetu mmoja akigusa faili tu la mgonjwa wa aina hiyo anaenda kunawa na jiki, mpaka vidole vikaanza kubabuka. Ila yule alikuwa anaogopa, na uoga una dawa yake, unapelekwa semina siku tano unaelezwa kwamba hata ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000, unaelezwa habari ya PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya ajali kama hiyo, na kwamba unatakiwa uianze ndani ya saa 72, unarudi umetulia. Na kweli alirudi vizuri tu, jiki akaacha. Mimi nilikuwa siogopi. Nilikuwa nawashika, nawakumbatia, nawalisha uji kwa mkono wangu, metroni alikuwa ananitolea mfano kwenye kikao. Tatizo langu lilikuwa mdomoni.

Nilikuwa nauliza ulipataje.

Mda wangu wa kuuliza ulikuwa shifti ya usiku, kwenye saa tano hivi ukishamaliza kugawa dawa na kupima presha, ndugu wameshaondoka, taa za katikati zimezimwa. Navuta kile kistuli cha chuma nakaa karibu na kichwa cha mgonjwa, nasema kwa sauti ya chini, mama pole eeh, hebu niambie, hii hali ulipataje? Sasa kadi ya CTC unaijua, kuna uzito, kuna dawa, kuna TB, kuna ujauzito, kuna jina la mtu wa karibu wa kukusaidia, kuna tarehe ya kurudi, na jibu la ulipataje halibadilishi hata kidonge kimoja, aliyepata kwa mume, aliyezaliwa nayo, aliyepata kwa kuuza mwili pale stendi, wote dozi ni ileile. Hilo nililijua vizuri tu. Mimi jibu nililihitaji kwa matumizi mengine, nilikuwa natafuta dhambi, kwa sababu bila dhambi simwongozi mtu sala ya toba, na sala ya toba ndo ilikuwa zawadi yangu kwake. Kwa hiyo nang'ang'ana mpaka dhambi ipatikane.

Mwaka 2010 mwishoni aliletwa mama mmoja, thelathini na kitu hivi, TB na kuharisha, kakonda mpaka pete ya ndoa kaizungushia uzi isidondoke. Tukampa kitanda namba tisa, kile cha dirishani. Enzi zile kwa wengi ARV, dawa za kufubaza virusi, ilikuwa mpaka CD4, yani chembe za kinga ya mwili, zishuke sana ndo unaanzishiwa, kwa hiyo watu walikuwa wanafika wodini wamechoka kweli kweli. Siku ya tatu usiku nikavuta stuli. Nikauliza. Akasema sijui sista. Nikauliza tena kwa upole, nikamwambia Mungu anajua yote mama yangu, usimfiche. Akasema ni mume wangu, alikuwa anapasua mbao huko Mufindi, kafariki mwaka juzi. Nikamwambia sawa, na wewe je?

Hivyo hivyo nilivyoandika. Na wewe je.

Nikakaa pale nadhani nusu saa nzima, yeye kimya mimi nimemshika mkono, dripu inadondoka. Mwisho akasema haya, nilikuwa na mtu. Akafumba macho. Nikamwongoza sala neno kwa neno na yeye akawa anafuata, mimi machozi yananitoka kwa furaha, nikamfunika vizuri nikarudi kwenye meza nikaandika kwenye ripoti mgonjwa amelala bila shida.

Asubuhi yake sasa. Hospitali za misheni mnazijua, siku inaanza na ibada, nyimbo mbili, neno, shuhuda, matangazo, ndo mnaenda kupokezana wodi. Watumishi wote wapo, madaktari, manesi, wafagiaji, dereva wa ambulansi, akina mama wa jikoni, wanafunzi wa uuguzi wamejaa viti vya nyuma. Nikasimama kwenye shuhuda. Jina sikutaja, na nakumbuka nilijipongeza moyoni kwa kutotaja jina, nilisema tu kitanda namba tisa. Nikasema Bwana amemtembelea mama mmoja wa namba tisa aliyeingia kwenye virusi kwa maisha ya uzinzi na jana usiku ametubu, Bwana asifiwe, watu amen, amen, na mama mmoja wa jikoni akapiga kigelegele. Baadae sana ndo nikaja kujua huyo wa kigelegele na namba tisa wanatoka kijiji kimoja.

Wanaojua kazi yetu hapo wameshashika kichwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamkataza mtumishi wa afya kutoa siri ya mgonjwa na ni kosa la kupelekwa mahakamani kabisa, sio la kwenda kutubu tu yakaisha. Alafu kuna kile kiapo, tarehe 12 Mei kila mwaka Siku ya Wauguzi tunawasha mishumaa tunakirudia, kinaitwa cha Nightingale ingawa yeye mwenyewe hakukitunga, kilitungwa Detroit kule Marekani mwaka 1893, kinaanza na kuapa mbele za Mungu na ndani yake kuna kutunza siri za mgonjwa. Yani nilimuapia Mungu nitanyamaza, alafu siri nikaitoa kwa utukufu wa Mungu huyo huyo na kanisa zima likaitikia. Hakuna aliyenikanya. Kuna dokta mmoja tu, mzee, mtu wa maneno machache, tulipishana mlangoni akaniambia "Sista, namba tisa ni mgonjwa wangu" akapita, na mimi nikadhani kafurahi.

Mama yule aliruhusiwa baada ya wiki mbili. Kliniki hakurudi. Kwenye rejista tukamwandika mtoro.

Mwaka uliofuata ndo ule wa kikombe. Mliokuwa wadogo ulizeni wakubwa, 2011 nchi nzima ilikuwa barabarani kwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa Babu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, kikombe cha dawa ya mizizi shilingi 500, eti kinatibu kisukari, kansa na Ukimwi. Wagonjwa wetu waliuza mbuzi wakauza mbao kutafuta nauli na wengine waliporudi ARV wakaacha, maana si wameshapona. Wodini tukaanza kuwapokea mmoja mmoja baada ya miezi. Sisi walokole tulikuwa tunakicheka kile kikombe, tunasema mambo ya waganga hayo, ila ukitulia ukaangalia hatukuwa na tofauti, sisi pia tulimwambia mgonjwa akiamini kweli atapona na asipopona basi imani yake ina kasoro, yani mtu alikuja na dhambi moja anaondoka na mbili.

Kuna utafiti ulichapishwa 2009, waliulizwa waumini 438 hapa Tanzania, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste, mjini na vijijini. Asilimia 80.8 walisema maombi yanaweza kuponya VVU. Asilimia 53.3 walisema ni adhabu ya Mungu. Na asilimia 93.7 walisema wakiambukizwa wao wataanza ARV. Wapo watakaocheka hapo lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nayaamini yote matatu kwa wakati mmoja na sikuona yanagongana popote.

Na sio walokole peke yetu. Wodini nilikuwa na rafiki yangu Muislamu kutoka Tanga, binti mwenye adabu sana, yeye neno adhabu alikuwa hataki kulisikia, alikuwa ananirekebisha, dada sema mtihani, mtihani haumchagui mtu, na mgonjwa anayo haki ya kutembelewa na kufarijiwa. Nilimpenda kwa hilo. Ila akiletwa binti wa baa mtihani unageuka, kuanzia hapo utasikia huyu kajitakia, na msiba wa kujitakia hauna kilio. Kujitakia. Hilo neno ukikaa wodini wiki moja tu utalisikia kwa Mkristo, kwa Muislamu na kwa yule asiyekanyaga popote, ila yule asiyekanyaga popote analisema kwa hasira linaisha, sisi tunalisema tukiwa tumemshika mgonjwa mkono.

Sasa yaliyonikuta mimi. 2013, usiku, naweka kanula kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa anatupa mikono, sindano ikaingia kidole gumba ikapita glavu. Nikaosha na maji na sabuni bila kuminya kama tulivyofundishwa, msimamizi wa zamu akaitwa, fomu ya ajali kazini ikajazwa na saini mbili, nikapimwa nikawa hasi, nikapewa dawa za siku 28. Watu walinihurumia jamani. Pole mpiganaji, pole sana dada, ajali kazini. Hakuna hata mmoja aliyevuta stuli.

Vile vidonge vilikuwa vinanipa ndoto za ajabu na kizunguzungu, ila usumbufu mkubwa lilikuwa kopo. Nilikuwa nakaa nyumba ya kupanga na dada wawili wa kanisani na kopo la vidonge ukilitikisa kidogo linalia kama kayamba, basi nikajaza pamba juu, mbinu ambayo nilifundishwa na wagonjwa wenyewe na nilikuwa nikiwasema kwayo, kwamba unaficha nini kama huna la kuficha.

Alafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilienda stationari nikatoa kopi ya ile fomu ya ajali, shilingi mia, nikaikunja mara nne nikaiweka kwenye Biblia yangu katikati ya Warumi. Nikatembea nayo. Kama wiki mbili hivi zikapita, siku moja katikati ya ibada nafungua Biblia ikadondoka chini ya benchi, nikainama kuiokota haraka haraka moyo unanienda mbio na pale pale chini nimeinama nikajiuliza, hivi hii kopi ni ya nini? Ofisi ina ya kwao. Dawa nimeshapewa. Kopi ilikuwa ya kuonyesha watu. Nikikutwa na virusi nimuonyeshe mchungaji, niwaonyeshe kwaya, nimuonyeshe mama yangu, tazameni, tarehe hii, saa hii, saini hizi hapa, mimi sikujitakia. Nilikuwa najitengenezea cheti.

Na namba tisa alikuwa na cheti chake. Aliniambia mume wangu alikuwa anapasua mbao Mufindi, kafariki mwaka juzi. Nikakikataa, nikasema na wewe je.

Nilipima wiki ya sita, mwezi wa tatu na mwezi wa sita, hasi zote. Sikutoa ushuhuda.

Pale hospitalini alikuwepo sista mmoja, sista kweli sasa, mtawa, mzee, alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Ujana wake alifanya kazi Bukoba kipindi ugonjwa umeingia, maana wagonjwa wa kwanza kabisa nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983 na watu kule wakauita Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vinavushwa mpakani. Alikuwa anatusimulia ndugu walikuwa wanaleta chakula wanaweka mlangoni wanakimbia, na wao masista ndo wanaosha, wanageuza, wanazika. Nilimfuata baada ya habari ya sindano, alikuwa kwenye korido na rozari yake mfukoni, sala zake zote alikuwa anasali akitembea, kitandani kwa mgonjwa hujawahi kumsikia. Nikamuuliza sista, hawa wagonjwa wewe huwa huwaulizi walipataje? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kijinga. "Nikishajua alafu?"

Ndo maana watu wakiniambia dini ndo tatizo huwa nasita. Kama dini ndo tatizo basi yule aliyesali kuliko sisi wote angekuwa wa kwanza kunyanyapaa. Uganda jirani hapa Kanoni Gideon Byamugisha wa Anglikana alijitangaza hadharani kwamba ana virusi mwaka 1992, kiongozi wa dini wa kwanza Afrika kufanya hivyo, na kola yake shingoni. Mimi nilivyoona kwa macho yangu tofauti haikuwa nani ana imani kubwa. Kuna manesi wakiona mgonjwa imani yao inawatuma wakachote maji ya moto, na wengine inatutuma tukatafute nani alikosa, kama wale wanafunzi kwenye Yohana tisa walioona kipofu, swali la kwanza, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake. Sura ile naijua kwa moyo toka Sunday School na sikuwahi kujiona nipo upande wa waliouliza.

Jambo lingine dogo nalipitia tu. Manesi wenye virusi nawajua zaidi ya mmoja, na hamna hata mmoja anayechukua dawa kituo anachofanyia kazi. Wanapanda basi kwenda wilaya nyingine. Vinywa vyetu wanavijua kuliko mgonjwa yeyote.

CTC nimehamia 2016, mwaka ule ilipokuja pima na anza dawa hapo hapo bila kungojea CD4. 2019 zikaja TLD, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja kwa siku, watu wanafubaza virusi vizuri tu na wananenepa mpaka wanalalamika nguo. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 Njombe yetu ilikuwa ya kwanza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima wakati nchi nzima ni 4.4, yani kwenye kwaya ya watu thelathini kama yetu hiyo ni karibu wanne, na wote tunaimba.

Sasa nimalizie. Siku moja kliniki imejaa, nipo dirishani napokea kadi, mama mmoja mnene kavaa kitenge kipya akanipa barua ya uhamisho. Kamwene sista. Kamwene mama, karibu. Akabaki ananiangalia. Hunikumbuki? Nikasema samahani mama, wagonjwa ni wengi. Akasema namba tisa.

Nikaangalia mkono. Pete ilikuwepo, safari hii imebana mpaka nyama imepanda pembeni.

Nilimwita ndani nikafunga mlango, nikaanza kuomba msamaha hata sijui nilisema nini na nini. Akaniacha nimalize. Alafu akasema, "Ila sista mimi nilikudanganya." Nikamuuliza nini mama. "Kwamba nilikuwa na mtu. Sikuwa na mtu. Ulikuwa huondoki, na mimi usingizi umenishika." Alisema bila hasira, kama mtu anayerekebisha tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa vibaya kwenye faili. Alitoka wodini akakuta kijiji kinajua, na shemeji zake wakasema kumbe, kwa hiyo wewe ndo ulimletea ndugu yetu, wakachukua shamba la mumewe lote na nyumba. Akaenda kuanza dawa wilaya nyingine. Miaka yote hiyo alikuwa anapanda basi linapita getini kwetu kila tarehe yake ya kliniki. Sa hivi kaolewa huku, analima viazi, virusi havionekani kwenye kipimo.

Nikamuuliza kama ana swali lolote. Akafikiria kidogo.

"Jumanne unakuwepo hapa?"

Nikamwambia Jumanne natoka, naenda vijijini na huduma ya mkoba.

"Basi niandikie Jumanne."

Nikahesabu miezi mitatu kwenye kalenda ya ukutani, nikatafuta Jumanne, nikaandika.